Turubai au bati? BMW E46 mbili kwenye drifti hapa Mwanza

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aendelee na mambo yake: kama gari unaitafuta kwa ajili ya drifti, yaani mchezo wa kuiserereshesha gari ubavu kwa makusudi, chukua yenye paa la bati. We mwenye muda, au ambaye tayari unayo ya kufunua paa (konvetibo) imepaki nyumbani na moyo umeshaanza kudunda, baki hapa, maana kuna sehemu ya kufunua inaipiga ya bati vizuri tu, na watu wengi wanaiponda kwa sababu ambazo wala sio zenyewe. Utasikia mtu anasema konvetibo ni gari ya kupigia picha, ya masista duu, haina nguvu. Nguvu ipo wakuu. Tatizo liko kwingine kabisa.

Magari yenyewe ni BMW E46 mbili (E46 ni jina la kiwandani la Series 3 ya miaka ya mwanzo ya 2000), zote 330Ci, zote milango miwili. Ya kwanza ina paa la kawaida la chuma, nitaiita Bati, ni ya mshkaji wangu wa Nyegezi. Ya pili ni ya kufunua, paa la kitambaa linajikunja kwa mota na kujificha nyuma, hiyo nitaiita Turubai, ni ya braza mmoja wa Pasiansi na kazi yake kubwa wikiendi ni kubeba maharusi, kwa hiyo hata siku tunaenda kuijaribu bado ilikuwa na vipande vya riboni kwenye vitasa. Zote zimetoka Uingereza, usukani kulia na gia za manyuo, maana zinazotoka Japani nyingi ni oto na drifti kwa oto inawezekana ila utajichosha bure. Nimezichagua makusudi kwa sababu ni gari ileile. Injini ni M54 ya lita 3, silinda sita mstari mmoja, farasi 231 kwa takwimu za kiwandani, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,725. Ukienda kulinganisha Mazda Roadster ya mtu, ya kufunua, na Toyota Mark X ya mtu, yenye paa, unakuwa umelinganisha vitu kumi kwa mpigo na mwisho hujui kilichokushinda ni paa, injini au dereva, hapa tofauti ni paa tu na yale yanayofuatana na paa kutokuwepo.

Hizo farasi 231 lakini ni za usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita kama 1,134 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia moja kwa kila mita 100 unazopanda, hewa inakuwa nyepesi, kwa hiyo hapa Mwanza unakuwa unaendesha farasi mia mbili na kidogo. Wenye turbo msicheke. Au basi chekeni, nyie mnapoteza kidogo sana.

Difu, ile inayogawa nguvu ya injini kwa tairi mbili za nyuma, ndio ilikuwa kesi. E46 za kawaida, ukiacha M3 ambayo ni toleo la kasi, zilikuja na difu ya wazi, yaani ukikata kona na kukanyaga mafuta tairi la ndani ambalo halina uzito juu yake ndio linazunguka ovyo na la nje limetulia tuli, hapo hakuna drifti, kuna moshi wa upande mmoja tu. Dawa ya bei rahisi ambayo kila mtu anaijua ni kuchomelea difu ili tairi zote mbili za nyuma zizunguke pamoja muda wote. Sasa braza wa Pasiansi akagoma katakata, anasema bibi harusi hawezi kupanda gari inayorukaruka na kulia kila kona ya Makongoro, na ana haki, maana difu iliyochomelewa kwenye lami kavu tairi zinaburuzana hata ukikata kona ya kuingia sheli. Tukatafuta difu ya mtumba tukaichomelea hiyo, ikawa inahama, leo iko kwenye Bati, wikiendi nyingine iko kwenye Turubai, na rimu na tairi nazo zilihama hivohivo. Fundi wetu alitutukana kwa Kisukuma na kwa Kiswahili ila ndio tukapata ulinganisho wa haki.

Eneo ni yadi ya kupaki maroli njia ya kwenda Usagara, ina ukuta na geti, zege pana, mwenyewe tulimlipa na mlinzi tukampa ya soda. Wale wadogo zetu mnaochoma tairi usiku barabara ya Airport siwaelewi kwa kweli, pale kuna bodaboda zisizo na taa na kina mama wanatoka Mwaloni na mabeseni, drifti ni kitu cha kufanyia mahali ambapo ukikosea unagonga rundo la tairi chakavu na sio mtoto wa mtu. Tulikodi na boza la maji likamwagia zege lote, na hiyo ndio siri ya kujifunza bila kufilisika: kwenye maji gari inateleza kwa spidi ndogo, tairi haziishi haraka, ekseli hazipati kipigo, na ukikosea unakosea taratibu, una muda wa kujiuliza umefanya nini. Zege likikauka ndio inaanza kazi yenyewe.

Haya, Bati kwanza. Unazima DSC, ule mfumo wa kompyuta unaozuia gari isiteleze, na hapo kumbuka kukibonyeza kitufe mara moja haitoshi, kinashikiliwa sekunde kadhaa ndio inazimika yote. Gia ya pili, spidi kama 50 hivi, unakata usukani, unakanyaga klachi na kuiachia ghafla mguu wa mafuta ukiwa bado chini, nyuma inatoka. Hendibreki ya hizi gari usiitegemee sana, ni vikiatu vidogo ndani ya diski za nyuma vinavyovutwa na waya, inatosha kupaki mlima wa Bugando lakini kufunga tairi za nyuma kwa nguvu kwenye zege kavu inahangaika, ndio maana wanaodrifti kwelikweli wanafunga ya haidroliki. Kwenye Bati mkia ukitoka unajua umetoka, kiuno chako kinapata habari kabla ya macho. Unauachia usukani ujizungushe kwenye viganja kwenda kinyume, unaudaka, mafuta unayapimia kwa vidole vya mguu, na gari inakaa pale, imelala upande inasubiri uiambie nini kinafuata. Hiyo milimita 2,725 inasaidia sana, gari ndefu haizunguki ghafla, inakupa taarifa.

Tuliweka marundo mawili ya tairi chakavu tukawa tunachora namba nane. Duara peke yake hata mpwa wangu anaweza, mtihani wa drifti uko katikati ya nane, pale gari inapotoka kulalia kushoto inaenda kulalia kulia na uzito wote unahama kwa mara moja. Bati inapita pale kwa mkato mmoja. Mkia unapiga upande wa pili, unatulia, unaendelea.

Turubai ukifika palepale mambo yanakuja kwa zamu. Mbele inageuka, alafu kuna kamuda kadogo hivi hakana jina, alafu nyuma nayo inakumbuka kwamba na yenyewe inatakiwa igeuke. Ukiwa unaenda taratibu kwenye maji hukaoni. Kwenye zege kavu, spidi imepanda, hako kamuda ndio kanakuharibia, kwa sababu wewe umeshaurudisha usukani kwa hesabu ya gari moja kumbe unaendesha nusu mbili ambazo hazijaelewana. Kioo cha ndani kinatetemeka mpaka roli moja lililopaki nyuma unaliona mawili, fremu ya kioo cha mbele inatikisika kivyake na dashibodi kivyake. Hili wala sio kosa la waliotengeneza gari, wamejitahidi sana kuikaza, ila ukichukua gari yoyote iliyochorwa na paa ukaliondoa paa, kitu kama hiki lazima kije.

Kwa nini? Chukua kiberiti. Toa kile kidroo cha ndani kinachobeba njiti, kishike huku na huku ukipinde kama unakamua nguo, kinapinda bila ubishi. Kirudishe ndani ya ganda lake alafu ujaribu tena. Karatasi ni ileile, ila sasa imefunga pande zote na kila upande unamshikilia mwenzake. Gari yenye paa ni kiberiti kizima: sakafu, nguzo za pembeni, paa, kioo cha mbele kilichogandishwa na gundi, vyote vinafanya boksi moja. Ukiondoa paa umebaki na sakafu na kuta fupi, kwa hiyo kazi yote ya kuzuia bodi isijipinde inaangukia zile boksi za chuma chini ya milango, ndio maana kwenye gari za kufunua wanazinenepesha na kuongeza vyuma vya kukatiza chini ya sakafu.

Na kwenye drifti hili linauma kuliko barabarani kwa sababu watu tunapenda kufunga springi ngumu. Springi ngumu inafanya kazi kama kile ilichofungiwa hakichezi. Bodi ikiwa laini, nguvu ambayo ilitakiwa iende kwenye springi na shokapu inaenda kuipinda bodi, sasa bodi yenyewe inageuka springi ya tano, na hiyo springi ya tano haina shokapu. Unaweza kutumia hela nyingi kwenye shokapu za kurekebisha na usione kitu. Ukitaka kuipima ya kufunua kabla hujainunua kuna njia ya bure kabisa: piga jeki kona moja ya gari mpaka tairi liachane na chini, alafu fungua mlango wa upande huo na uufunge. Kwenye bodi iliyochoka utaona nafasi kati ya mlango na bodi imebadilika, juu pamebana chini pamepanuka, na wakati mwingine mlango unagoma kabisa kurudi mahali pake. Fundi wa bodi hakuhitaji hata kusema neno hapo.

Uzito nao. Watu wanadhani ukitoa paa gari inakuwa nyepesi, ni kinyume chake, E46 ya kufunua ni nzito kuliko yenye paa kwa zaidi ya kilo 100, maana kile cha kuikaza ni kizito kuliko bati walilolitoa, na juu yake kuna mota, pampu ya haidroliki, mabomba na paa lenyewe limekunjwa nyuma. Zaidi ya mtu mzima mmoja, tena mnene, na huyo mtu kakaa nyuma muda wote. Kwenye drifti uzito wa nyuma una tabia yake, kuanza kutoka ni rahisi ila ukishaanza kutoka hautaki kusimama, kwa hiyo Turubai inaingia vizuri kwenye engo, yaani kule kulala ubavu, ila kuitoa na kuigeuzia upande wa pili unalipia. Na tairi zinalipia, na klachi inalipia, na breki.

Niitendee haki Turubai lakini. Uzito huo mwingi umekaa chini, kwenye sakafu na pembeni mwa milango, na bati ambalo lingekuwa juu halipo, kwa hiyo gari hailali sana kwenye kona. Duara refu la taratibu, lile la kuzunguka rundo moja bila kubadilisha upande, Turubai inalifanya kwa raha kuliko Bati, inakaa chini imetulia kama haina shida na mtu. Mshkaji wa Nyegezi hakupenda kulisikia hili.

Sasa usalama, na hapa naomba msome taratibu. E46 ya kufunua ina vyuma viwili vimefichwa nyuma ya viti vya nyuma ambavyo vinaruka juu vyenyewe gari ikihisi inapinduka, na fremu ya kioo cha mbele imeongezwa nguvu ili ibebe gari ikiwa chali. Ni ubunifu mzuri na umewekwa kwa ajili ya ajali ya barabarani, ile ambayo Mungu akisaidia haitatokea kabisa. Kuutegemea kila wikiendi kwenye mchezo ambao kazi yake ni kuipeleka gari ubavu ubavu ni kitu kingine. Gari haipinduki kwa sababu inateleza, inapinduka ikiacha kuteleza ghafla, yaani iko ubavu inaserereka safi kwenye zege alafu tairi za upande zinafika kwenye udongo laini au kingo ya mtaro, zinachimba, zinakataa, na gari inaendelea na safari kwa juu. Yadi yetu pale zege linapoishia kuna udongo. Bati tuliiruhusu ifike karibu na ukingo. Turubai tuliiwekea marundo ya tairi mbali kabisa na ukingo na hakuna aliyebisha.

Kuna kipimo wanakitumia sana wenzetu kwenye viwanja vya mbio, wanachukua fimbo iliyonyooka, upande mmoja wanauweka juu ya chuma cha ulinzi nyuma ya dereva, upande wa pili juu ya fremu ya kioo cha mbele, dereva kakaa kafunga mkanda kavaa helmeti, na kichwa lazima kiwe chini ya fimbo na nafasi ibaki, kwa kawaida kama inchi mbili. Fimbo ikigusa helmeti, huingii. Turubai tuliipima kwa mti wa fagio. Mimi ni mfupi, nikapita. Mshkaji wa Nyegezi ana futi sita na kitu, helmeti yake ikawa juu ya fagio, kwa hiyo siku ya Turubai kazi yake ilikuwa kushika simu na kurekodi.

Kwenye Bati ukitaka kuendelea mbele unafunga keji, mabomba ya chuma yanazunguka ndani ya gari kufuata nguzo na paa, na faida ni mbili maana inakulinda na inaikaza bodi zaidi. Welda mzuri anayejua mabomba ya kuvutwa bila mshono anaweza, wale wa mageti na madirisha naomba tuwaache na mageti yao. Kwenye ya kufunua keji kamili inagombana na paa, paa likishuka linagonga bomba, kwa hiyo unachagua, keji au paa. Na ukitazama mashindano makubwa, D1 ya Japani iliyoanza 2001 na Formula Drift ya Marekani ambayo msimu wake wa kwanza ni 2004, keji ni lazima, ndio maana pale unaona Silvia, RX-7, Mustang za paa, Chaser za milango minne, na ya wazi unaitafuta kwa tochi. Hata Nissan walipotoa S15 Varietta, Silvia yenye paa la chuma linalojikunja, wana drifti waliendelea kununua ile ya kawaida.

Niliahidi kusema pale ya kufunua inaposhinda. Inashinda kwenye macho na masikio. Ukiwa kwenye drifti huangalii kioo cha mbele, unaangalia dirisha la pembeni, kwa sababu gari inaenda huko. Ndani ya Bati kwenye dirisha la pembeni unakutana na nguzo, mkanda, kona ya kiti, na ukivaa helmeti ndio kabisa unachungulia kama mtu anayeiba. Ndani ya Turubai paa likiwa limeshuka unaona kila kitu, rundo la tairi, ukingo wa zege, hata mkia wako mwenyewe ukigeuka kidogo. Na unasikia. Tairi lina sauti tatu nne hivi, linapiga mluzi likiwa bado limeshika, linalia likianza kuachia, alafu sauti inakuwa nzito ya kukwaruza likiwa limeachia kabisa, na ndani ya Bati injini na bati vinazimeza hizo sauti. Anayekufundisha anaweza kusimama pembeni ya rundo akapiga kelele "mafuta! mafuta! usiachie!" na ukamsikia. Mtu anayeanza kabisa, kwenye zege lenye maji, spidi ya chini, mimi ningempa Turubai kwanza, na hapa najua nitapingwa.

Ila hali ya hewa ya huku, ng'wanawane, haina huruma na gari ya wazi. Tuko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, saa saba mchana na helmeti kichwani jua limekaa juu ya shingo, viti vya ngozi nyeusi vinaunguza mapaja. Ukifunga paa unakuwa umeondoa sababu yote ya kuwa na gari hiyo. Boza likimwaga maji, tairi za nyuma zinayarusha na ukiwa kwenye engo kali yanarudi kwako, maji ya zege la maroli sio maji, ni supu ya dizeli na vumbi, kiti cha braza tulikiosha kwa sabuni ya unga na bado kuna doa ambalo tunaliombea maharusi wasilione. Moshi wa tairi nao ukisimama tu unakufuata na kukaa na wewe ndani. Na wale wadudu wa ziwani wanaotoka kama wingu la moshi jioni, wakikukuta njiani paa liko wazi funga mdomo. Kurudi mjini kupitia Kirumba usawa wa Mwaloni na dagaa wameanikwa hiyo nayo ni habari nyingine, ila kusema ukweli jioni ukipanda nayo Kapripoint, jua linazama upande wa pili wa ziwa, hakuna Bati duniani litakupa ile kitu.

Usije ukachukua haya yote ukayabebesha kila gari isiyo na paa. Turubai ni gari iliyochorwa na paa alafu ikatengenezewa toleo la wazi. Kuna zile ambazo zilichorwa wazi tangu karatasi ya kwanza, na hizo ni ukoo mwingine. Mazda Roadster, ambayo nje ya Japani inaitwa MX-5, tangu ile ya kwanza ya 1989 haijawahi kuwa na ndugu mwenye paa ambaye ilikatwa kutoka kwake, sakafu yake ilipangwa kubeba kazi yote yenyewe, na chini kuna fremu inayounganisha giaboksi na difu moja kwa moja ili ukikanyaga mafuta hakuna kinachochezacheza katikati. Ile ya kwanza haifiki hata tani moja. Honda S2000 ya 1999 hivohivo, lita 2 bila turbo inazunguka mpaka mizunguko 9,000, na chesesi yake ngumu kiasi kwamba ukiendesha unasahau huna paa. Hizo mbili kwenye namba nane hazina kale kamuda. Shida yake ni urefu: Roadster ya kwanza ni milimita 2,265 kati ya ekseli, S2000 ni 2,400, fupi sana ukilinganisha na E46, kwa hiyo zinazunguka haraka kuliko mikono ya mtu anayejifunza. Ukizimudu utakuwa dereva. Kabla ya kuzimudu utakuwa unaangalia ulikotoka.

Na angalia Toyota walichofanya na 86. Gari ya 2012, kilo kama 1,240, inasukumwa na tairi za nyuma, imetengenezwa kwa watu wanaopenda kuserereka, na Geneva mwaka 2013 wakaonyesha toleo la wazi, kila mtu akapiga makofi. Hawakuliuza. Sababu zao wanazijua wenyewe ila mimi ningekuwa kwenye kile kikao ningenyoosha mkono upande wa wasiouza.

Alama zangu basi, maana najua mtaniuliza. Bati kwenye drifti nane kwa kumi, inapoteza kwa difu na hendibreki, na kwa vile ukiipeleka bila kuangalia kule nyuma sakafu inaposhikiliwa na fremu ya ekseli inapasuka, hilo linajulikana dunia nzima kwa E46 na linachomelewa vibati vya kuongeza nguvu kabla hujaanza mchezo, sio baada. Turubai kwenye drifti tano, sita ukiwa unajifunza kwenye maji. Kwenye maisha ya kawaida Turubai tisa.

Kwa mwenye ya kufunua tayari na hataki kuiuza: acha springi za kiwandani au ongeza ugumu kidogo tu, weka nguvu zako kwenye bushi mpya na shokapu nzima, funga chuma cha ulinzi nyuma ya viti kinachopita kipimo cha fagio, usishushe vioo vya milango ukiwa unateleza maana mkono unatoka nje wenyewe, na kaa kwenye maji. Kama BMW yako bado ina tenki la plastiki la maji ya rejeta la zamani, badilisha, drifti ni injini kuzunguka juu huku hewa ya mbele haipo kwa sababu gari imekaa ubavu, joto linapanda haraka mno.

Na kwa anayetaka kununua leo kwa ajili hii hapa Mwanza, kwa mfuko wa kawaida, nakuvunja moyo kidogo: wala sio Bati wala Turubai. Cc 2979 ushuru wake ni mkubwa kuliko gari isiyozidi cc 2000, na vipuri vya E46 ukikosa unaagiza Dar unasubiri basi. Tafuta Altezza RS200 ya manyuo, lita 2 za 3S, farasi 210, gia sita, paa lipo, milango minne lakini nani anahesabu milango ukiwa ubavu, na fundi wake yupo kila mtaa kuanzia Igoma mpaka Buhongwa.

Ile difu iliyochomelewa bado tunayo. Mwenye E46 anayetaka kujaribu kabla ya kuharibu ya kwake aseme tutampa, ila fundi wa kuifunga aje na wa kwake, wetu kasema hata mumlipe mara mbili hailalii tena chini.